Makaroni ya jibini kwa bia nyeusi: je, moto unaondoa kilevi chote?

"Pombe si inaishia motoni yote?" Mtu akitaja hapa Dar es Salaam kwamba amepika makaroni ya jibini kwa bia nyeusi, swali hilo halikosi. Video za mapishi hayo zinapita kwenye simu zetu: mpishi wa Marekani anamimina stauti, ndiyo hiyo bia nyeusi, kwenye sufuria, povu linapanda, jibini inafuata, watu wanakula na kusifu. Kilevi kimekwenda wapi, hasemi. Kesi inakuja kulipuka kwenye magrupu ya familia. Huyu anasema moto unakula pombe yote, haibaki hata harufu. Yule anajibu kwamba sahani hiyo ni bia ya kutafuna. Shangazi naye anaingia na lake, kwamba afadhali hiyo nyeusi, maana inaongeza damu. Na hakosekani aliyekwisha kujaribu nyumbani kwake akapata mchuzi mchungu wenye mabonge, mafuta yameelea juu, jibini ya bei imekwenda na maji.

Ubishi huo unachanganya mambo ya kemia, ya dini, ya afya na ya upishi, ndiyo maana hauishi. Hebu tuyatenganishe.

Stauti ni bia. Vitu vyake ni vilevile vya bia ya kawaida: maji, kimea, hopsi na hamira. Kimea ni nafaka, aghalabu shayiri, iliyoloweshwa mpaka ikaota kidogo kisha ikakaushwa. Aliyeona ulezi ukiandaliwa kwa ajili ya mbege kule Kilimanjaro anaijua kazi hiyo. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, nayo ndiyo yanayoipa bia uchungu. Kinachoitofautisha stauti ni kwamba sehemu ndogo ya shayiri yake imekaangwa mpaka ikawa nyeusi kama buni. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya pipa la chuma linalozunguka juu ya moto, na tangu hapo watengenezaji wakaweza kukaanga kimea mpaka kuwa cheusi bila kukiunguza kuwa majivu. Kampuni ya Guinness, ambayo jina lake wengi wetu tunalitumia kwa stauti yoyote ile, ilikuwepo kabla ya hapo: Arthur Guinness alikodi kiwanda cha St. James's Gate jijini Dublin mwaka 1759, kwa mkataba wa miaka 9,000 na kodi ya pauni 45 kwa mwaka. Mwenye nyumba wa Sinza akisikia habari hiyo atazirai.

Kwa hiyo weusi wa bia ni wa kukaangwa. Hauhusiani na wingi wa kilevi. Guinness ya bombani inayonywewa Ireland ina kilevi asilimia 4.2, chini ya bia nyingi za rangi ya dhahabu zinazoagizwa baa zetu. Stauti ya chupa inayouzwa Afrika ni kali zaidi, na sababu yake nitaieleza tukifika jikoni, kwa kuwa ndiyo inayowaharibia watu sufuria.

Makaroni ya jibini nayo si kitu cha ajabu. Ni makaroni yaliyochemshwa, yakachanganywa na sosi nyeupe ya siagi, unga wa ngano na maziwa, ambayo imeyeyushiwa jibini. Chakula hiki kilianzia Ulaya kikahamia Marekani, ambako James Hemings, mpishi aliyekuwa mtumwa wa Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na aliyepelekwa Ufaransa kujifunza upishi, anahesabiwa miongoni mwa waliokipa umaarufu. Kuunganisha jibini na bia ni jambo kongwe vilevile. Wales wana mkate wa kubanika unaomwagiwa jibini iliyoyeyushwa kwa bia na haradali, na wamekuwa wakiula tangu karne ya 18. Anayetia stauti kwenye makaroni leo ameongeza makaroni tu.

Kwa nini bia, na kwa nini nyeusi? Jibini ni mafuta na chumvi, na ukiila nyingi ulimi unachoka. Uchungu wa shayiri iliyokaangwa unakata ule uzito. Tena harufu zake ni ndugu. Mwaka 1912 mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari na chembe za protini zinavyoungana zikipata moto, zikatoa rangi ya kahawia na harufu nyingi mpya. Madoa ya chapati, ngozi ya nyama choma, buni kikaangoni, ukoko wa jibini iliyookwa: kote humo tukio ni hilohilo. Kilevi hakina kazi kubwa hapo. Ungeweza kukitoa chote kwenye stauti na sosi yako ingebaki na karibu kila kitu ulichokuwa unakitafuta.

Tatizo ni kwamba hakitoki chote.

Hesabu ya kilevi

Kilevi kinachemka kwenye nyuzijoto 78 za Selsiasi, na maji, kwa sisi tunaoishi usawa wa bahari, kwenye 100. Watu wanachukua namba hizo mbili wanafunga hesabu: sosi ikishapita 78, pombe imeruka yote. Ingekuwa hivyo kama kilevi kingekaa peke yake sufuriani. Hakikai. Kimechanganyika na maji mpaka ndani.

Fikiria daladala iliyojaa inafika Mwenge. Wa kushuka hapo ni wachache na wametawanyika kati ya wanaoendelea na safari. Waliosimama mlangoni wanatoka mara moja. Wa kiti cha nyuma wanapaswa kupenya, na kila anayepenya anamshusha kwanza aliyesimama njiani. Kadiri wa Mwenge wanavyopungua ndivyo kuwapata waliobaki kunavyochukua muda. Kilevi kinatoka hivyo hivyo: mvuke unaopanda kutoka kwenye sosi una kilevi na maji pamoja, mwanzoni kilevi kingi, kisha kinazidi kupungua, na kile cha mwisho kinang'ang'ania.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupika vyakula mbalimbali kwa pombe na kupima kilichobaki, na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ikayaingiza kwenye majedwali yake ya lishe. Chakula kilichochemshwa taratibu huku kikikorogwa kilibaki na asilimia 40 hivi ya kilevi baada ya dakika 15, na asilimia 35 baada ya dakika 30. Kwa saa nzima kilibaki na 25, na kwa saa mbili na nusu bado kilikuwa na 5. Pombe iliyomiminwa kwenye kitu kinachochemka kisha kikaepuliwa papo hapo ilibaki asilimia 85. Hata ule mtindo wa mahotelini wa kuwasha moto juu ya flampeni, miali ikapanda wageni wakapiga makofi, uliacha asilimia 75.

Namba hizo si sheria ya kila sufuria. Sufuria pana inapoteza kilevi kuliko nyembamba, kwa kuwa uso wa sosi ni mkubwa. Mfuniko unarudisha: mvuke unagonga juu, unapoa, unadondoka tena ndani. Lakini picha ya jumla inatosha kuvunja kauli mbili kwa mpigo, ile ya "inaisha yote" na ile ya "bia ya kutafuna".

Ya pili tuivunje kwa tarakimu. Chukua sufuria ya watu sita yenye mililita 150 za stauti ya asilimia 6.5. Humo mna gramu 7.7 hivi za kilevi. Ukichemsha sosi taratibu kwa dakika 15 zinabaki gramu 3 na ushee, yaani nusu gramu kwa kila sahani. Chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina karibu gramu 20. Kwa hiyo anayekula sahani moja amepata kilevi kilichomo kwenye kijiko kimoja cha chakula cha bia ya kawaida, au pungufu kidogo. Kama mpishi alikuwa na haraka akatia stauti mwishoni na kuepua, ni vijiko kama viwili. Hakuna mtu mzima atakayelewa kwa hiyo. Anayedai alitoka mezani anayumba, muulize alikuwa anateremshia nini.

Nani asile

Kutolewa kwa ulevi hakumalizi shauri, maana si kila aliyeuliza aliogopa kulewa.

Kwa Muislamu hesabu yangu ya nusu gramu haina kazi. Aliyepita madrasa anajua kauli kwamba kinacholevya kingi chake, kichache chake ni haramu, na stauti iliyoingia sufuriani iliingia ikiwa pombe. Wanaosema "lakini imeungua" wanajibu swali la kemia mahali palipoulizwa swali la dini. Mwenye kutaka kwenda mbali zaidi aende kwa sheikh wake, siyo kwa mpishi. Walokole wengi na Wasabato wana msimamo wao vilevile, na wala si juu ya mwenye chakula kuwafundisha vinginevyo.

Mjamzito anashauriwa na Shirika la Afya Duniani asitumie kilevi kabisa, kwa hiyo asiwekewe. Watoto nao nisingewawekea. Wapikie sufuria yao ndogo, sosi ni ileile kabla ya bia. Anayemeza metronidazole, ile dawa tunayoiita Flagyl, ameonywa na maelekezo ya dawa yenyewe akae mbali na kilevi. Anayetumia disulfiram, dawa ya kumsaidia mtu kuacha pombe, anaweza kudhurika hata na kiasi kidogo kilichojificha kwenye sosi. Na aliyeacha pombe bila dawa yoyote naye usimsahau: harufu ya bia mdomoni kwake ni jambo zito kuliko gramu.

Ndiyo maana mimi naona kosa kubwa la chakula hiki Dar es Salaam linatokea mezani kuliko jikoni. Hapa watu wanabeba mahotpoti kwenda kwenye kitchen party, kwenye arobaini ya mtoto, kwenye vikao vya harusi, na mezani anakaa Mwajuma na Neema na Mama Imani bila mtu kuulizana dini. Hotpoti la makaroni ya jibini halina alama. Kwa macho halitofautiani na la bila bia, labda rangi imekolea kidogo. Mwenye hotpoti aseme kabla upawa haujazama, aseme kwa sauti, na lisikae karibu na mengine likabadilishana miiko. "Jamani, hili lina bia." Maneno manne tu. Anayenyamaza kwa kufikiri kwamba hakuna atakayejua amemfanyia mwenzake jambo ambalo haliombewi radhi kirahisi.

Kuna wanaoshtuka kusikia kwamba kilevi kinaweza kuwa kwenye vitu wanavyovitumia kila siku. Mkate wa hamira na ndizi iliyoiva sana vina chembe zake za asili. Arki halisi ya vanila, kwa kanuni za Marekani, ina kilevi kisichopungua asilimia 35, japo vichupa vingi vya bei rahisi vinavyotumika kwenye keki zetu ni vya kutengenezwa kwa njia nyingine. Na maneno "isiyo na kilevi" kwenye bia hayamaanishi sifuri kila mara. Marekani yanaruhusiwa ilimradi kilevi kiwe chini ya asilimia 0.5. Lebo zipo, zisomwe.

Habari ya damu

Hii tuimalize haraka. Stauti haiongezi damu. Painti moja ya Guinness, mililita 568, ina kama miligramu 0.3 za madini ya chuma, ilhali mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji kama miligramu 18 kwa siku. Angelazimika kunywa painti 60, na kabla hajafika huko angekuwa na shida nyingine kabisa. Imani yenyewe ina chanzo kinachoeleweka. Kuanzia 1929 Guinness ilitangazwa Uingereza kwa maneno kwamba ni nzuri kwa afya ya mnywaji, na zamani hizo Ireland na Uingereza wazazi na wagonjwa walikuwa wakipewa stauti hospitalini. Tangazo lilikufa, imani ikabaki. Mwenye upungufu wa damu apimwe, na sokoni akanunue maini, dagaa na maharage. Sahani ya makaroni haitamsaidia, iwe na bia au isiwe nayo.

Shangazi mwingine atakwambia kwamba bia na maziwa vikikutana vinakuwa sumu, na ushahidi wake ni yale mabonge. Mabonge ni kweli yapo. Sumu hakuna. Bia ina uchachu, na protini ya maziwa ikikutana na uchachu kwenye moto inagandana, kama inavyogandana kwenye mtindi. Ukila hudhuriki, ila sosi haitamaniki. Hapo tumefika jikoni.

Kwa nini sufuria ya Dar inatoka chungu

Mapishi mengi ya mtandaoni yanasema "mimina chupa moja" au "kopo moja la stauti". Aliyeyaandika mara nyingi alikuwa na stauti laini ya bombani au ya kopo, ile ya asilimia 4 na kidogo. Stauti ya chupa iliyozoeleka kwetu ni ya ukoo mwingine. Guinness walianza mwaka 1801 kutengeneza bia ya kusafirishwa ng'ambo kwa meli, wakaizidishia hopsi na kilevi ili isiharibike baharini, na stauti kali ya chupa inayouzwa Afrika ni mjukuu wa hiyo. Lebo nyingi zinasoma kati ya asilimia 6 na 7.5. Ni chungu kuliko ile ya kwenye video, na kiasi kilekile kikiingia sufuriani matokeo si yaleyale.

Halafu tunaikaza. Mpishi anasikia kwamba kilevi kinapungua ukichemsha, basi anaichemsha stauti peke yake mpaka ibaki nusu, ndipo aitie kwenye sosi. Maji yameondoka, kilevi kiasi kimeondoka, lakini uchungu wa hopsi na wa shayiri hauruki na mvuke. Umebaki wote, kwenye nusu ya bia. Hicho ndicho kikombe cha shubiri ambacho watu wanakilaumu kwa jibini.

Kwa hiyo punguza bia, usiikaushe, na uitie baada ya maziwa. Vipimo ninavyovitumia kwa watu sita ni makaroni gramu 400, siagi gramu 50, unga wa ngano gramu 50 (vijiko sita vya chakula vilivyosawazishwa), maziwa mililita 600, stauti mililita 150, jibini gramu 300. Kama una stauti ya maziwa, ile tamu kidogo iliyotiwa sukari ya maziwa ambayo hamira haiwezi kuila, unaweza kufika mililita 200 bila kukunja uso.

Yeyusha siagi kwa moto mdogo, tia unga, koroga kwa mwiko mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Maziwa yaingie kidogo kidogo, yakiwa na uvuguvugu, na hapa kichapio cha waya cha kupigia mayai kinashinda mwiko. Aliyewahi kupika uji anajua kinachotokea: chembe za wanga zinanyonya maji, zinavimba, sosi inakuwa nzito. Ule wanga una kazi ya pili ambayo haionekani. Unakaa katikati ya protini za maziwa na kuzizuia zisishikane. Sosi ikishakuwa nzito kiasi cha mwiko kuacha njia chini ya sufuria, njia hiyo ikajifunga taratibu, mimina stauti kwa mkondo mwembamba huku unakoroga. Kwanza itatoa povu, itachafuka rangi kama maji ya mvua ya Jangwani, usiogope. Acha ichemke kwa mapovu madogo dakika 15, bila mfuniko, mkono usiache mwiko.

Sasa epua. Hili ndilo wengi wanaliruka. Jibini ni mafuta yaliyoshikwa na wavu wa protini, na wavu huo ukipata joto la kuchemka unajikaza na kuyakamua mafuta nje; ukiona matone ya njano pembezoni mwa sufuria, umeshachelewa. Ngoja sosi itulie, isiwe na povu hata moja, ndipo utie jibini uliyoikwaruza, konzi moja, koroga mpaka iyeyuke, konzi nyingine. Kijiko cha chai cha haradali kinasaidia mafuta na maji visiachane, na kinaipa jibini ukali. Onja kabla ya kutia chumvi. Uchungu ukizidi, chumvi kidogo na nusu kijiko cha chai cha sukari vinaufunika.

Jibini gani? Cheddar changa kwa wingi, na jibini nyingine yoyote laini iliyopo, ziko zinazotoka Njombe na kwingineko Nyanda za Juu Kusini. Iliyokomaa sana ina ladha kubwa lakini haiyeyuki vizuri, itie kidogo. Mozzarella inavutika vizuri kwenye picha ila kwenye sosi inajikusanya kuwa fundo. Na zile slesi za plastiki ambazo wapenda chakula wanazidharau, mimi nasema weka tatu au nne. James L. Kraft alipata hataza ya jibini ya kusindikwa mwaka 1916, na jibini za aina hiyo huwa na chumvi maalumu zinazolegeza wavu wa protini ili mafuta yasitoke. Slesi chache zinagawa chumvi hizo kwa jibini yote iliyobaki sufuriani.

Makaroni yenyewe yachemshe kwenye maji ya chumvi, uyatoe dakika mbili kabla ya muda wa pakiti, maana yataendelea kunyonya ndani ya sosi. Usiyasuuze wala usiyapake mafuta, sosi itateleza. Mwenye oveni amwage kwenye bakuli la kuokea, jibini kidogo juu, dakika 20. Asiye nayo apalie: sufuria juu ya makaa machache, mfuniko wa bati, na makaa mengi juu yake, kama wali. Ukoko unatoka mzuri, na kachumbari ikae pembeni.

Anayetaka ladha bila bia njia anayo. Kaanga siagi na unga mpaka viwe na rangi ya karanga, ukijua kwamba unga uliokaangwa hivyo unapoteza nguvu ya kufanya sosi iwe nzito, kwa hiyo ongeza kijiko. Badala ya stauti tia supu ya mifupa au ya uyoga, pamoja na vijiko viwili vya kahawa chungu isiyo na sukari, ile ya Bukoba au ya Kilimanjaro. Uchungu wa kukaangwa unakuja, uchachu unapungua, na hotpoti linaweza kwenda popote. Ladha haifanani moja kwa moja na ya stauti, lakini nimeona watu wazima wakiigombania.

Kilichobaki kesho yake kipashe kwa moto mdogo na maziwa kiasi cha robo kikombe, ukikoroga toka chini. Maikrowevu kwa nguvu yote inakamua mafuta hata kwenye sosi iliyopikwa vizuri. Tumia nusu ya nguvu, simamisha katikati, koroga, rudisha.